Shamba la Nabothi: Somo kwa Vikundi Juu ya Viongozi Wala Rushwa na Haki ya Mnyonge

Masomo ya Biblia: 1 Wafalme 21:1-24, Luka 18:1-8, 1 Samweli 12:1-5



Somo la toleo hili ni refu kidogo. Mkiona muda hautoshi, ligawanyeni mara mbili. Tafadhali Biblia iwe mezani, na anayesoma asome polepole kwa sauti, kwa maana katika kila kikundi wako akina mama na wazee ambao hawakubahatika kwenda shule, lakini kwa mambo ya mashamba wanajua kuliko sisi wenye vyeti.

Kesi yetu inaanza na mboga. Mfalme Ahabu alikuwa na jumba huko Yezreeli, na jirani yake alikuwa Nabothi, mwananchi tu, mwenye shamba la mizabibu. Ahabu akaliona lile shamba liko karibu na nyumba yake, akataka kuling'oa apande mboga. Tena hakuja kwa ubaya. Alimwambia Nabothi nitakupa shamba lingine zuri kuliko hili, au ukipenda nitakulipa pesa kwa bei yake. Ukisoma haraka unaweza kusema Nabothi ni mkaidi, bahati imemjia akaifukuza.

Lakini Nabothi alijibu kwamba Mungu apishe mbali, huo ni urithi wa baba zake. Fungueni Walawi 25:23. Hapo sheria ya Israeli inasema ardhi haiuzwi moja kwa moja, kwa sababu mwenye ardhi ni Mungu na watu ni wapangaji tu. Shamba lilikuwa la marehemu waliotangulia na la watoto ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo hata bei ingekuwa nzuri namna gani, Nabothi aliona kwamba si kitu chake peke yake cha kuuza. Mfalme aliijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana hakubishana. Alirudi nyumbani akalala kitandani, akageuza uso ukutani, akakataa chakula. Mtu mzima, mfalme, ananuna kwa ajili ya bustani ya sukuma wiki! Mwandishi wa Biblia ametuwekea jambo hili makusudi tulione jinsi lilivyo la kitoto, kisha tuone damu iliyomwagika kwa ajili yake.

Sasa tuangalie kwa makini jinsi kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo penye mafundisho. Malkia Yezebeli hakutuma askari usiku. Alitumia karatasi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akapiga mhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee na wakubwa wa mji waliokaa mji mmoja na Nabothi. Barua zilisema watangaze siku ya kufunga, yaani ibada. Nabothi akalishwe mahali pa heshima mbele ya watu. Halafu watafutwe watu wawili wa ovyo washuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Kwa nini wawili? Kwa sababu Kumbukumbu la Torati 17:6 inasema mtu hauawi kwa ushahidi wa mmoja. Mnaona? Sheria ilifuatwa yote. Mhuri ulikuwepo, mkutano uliitishwa, mashahidi walitimia hesabu, hata dini iliwekwa mbele. Nabothi akapigwa mawe kihalali kabisa kwenye makaratasi. Na 2 Wafalme 9:26 inatuambia kwamba wanawe pia waliuawa, ndiyo kusema hakuachwa mrithi wa kuja kudai baadaye.

Kuna jambo dogo katika mstari wa 14 ambalo wengi hulipita. Barua zilikuwa na jina la Ahabu. Lakini wale wazee walipomaliza kazi, walipeleka habari kwa nani? Kwa Yezebeli. Maana yake walijua vizuri sana barua zilitoka wapi na kwa nini. Hawakudanganywa. Hawa si watu wa mbali, ni majirani, pengine wamewahi kula zabibu za Nabothi. Mtu mmoja tu miongoni mwao angesema "hapana, huyu tunamfahamu", mpango ungekwama. Hakuna aliyesema. Kwa maoni yangu dhambi kubwa ya sura hii iko hapo, katika kamati ya wazee. Wafalme wenye tamaa ni wengi tangu zamani, lakini hakuna anayeweza kunyakua peke yake.

Nasi hapa Kenya tulielezwa jambo hilo hilo kwa ripoti ya serikali. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliteua tume ichunguze ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Tume hiyo, iliyoongozwa na Paul Ndung'u, ilikabidhi ripoti yake mwaka 2004. Ilikadiria kwamba hatimiliki kama 200,000, zile tunazoziita taito, zilitolewa bila kufuata sheria, nyingi zikiwa za miaka iliyokaribia uchaguzi. Viwanja vya shule, sehemu za soko, kingo za barabara, misitu, hata makaburi. Njia ilikuwa rahisi. Mkubwa hupewa barua ya kugawiwa ploti, kisha kabla hata ya kuwa na taito huiuza ile barua kwa mtu mwingine, wakati mwingine kwa shirika la umma, kwa pesa nyingi. Na tume haikulaumu wanasiasa peke yao. Ilitaja maofisa wa ardhi, mawakili, wapima ardhi na wataalamu wengine waliopiga mihuri na kutia sahihi. Wazee wa Yezreeli tena, ila safari hii wana digrii.

Mungu alimtuma Eliya. Angalieni walikokutana: si hekaluni wala ikuluni, bali ndani ya shamba lenyewe, Ahabu akiwa amekwenda kulitwaa. Swali la Eliya kwake ni fupi, kama ameua na tena amerithi. Ahabu hakuandika barua hata moja. Angeweza kusema mimi nilikuwa nimelala, muulizeni mke wangu. Mbele ya Mungu neno hilo halina kazi. Aliyenufaika na uovu ambao angeweza kuuzuia amehesabiwa kuwa ameutenda. Kiongozi wa leo anayesema "hayo yalifanywa na vijana wangu, mimi sikujua" asome sura hii magotini.

Hapa Nairobi hatukukosa wenye roho ya Eliya. Wakubwa kwa umri wanakumbuka mwaka 1989, wakati chama kilichotawala, KANU, kupitia kampuni ya gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Bustani ile ndiyo mahali ambapo mtu wa Kawangware au Kibera, ambaye hana kiwanja nyumbani, huenda Jumapili na watoto kukaa kwenye nyasi bila kulipa. Profesa Wangari Maathai hakuwa na bunduki wala cheo. Aliandika barua. Aliandika kwa ofisi ya Rais, kwa gazeti lenyewe, kwa watu wa nje waliotarajiwa kutoa pesa. Bungeni walimtukana, wakamcheka kwa kuwa aliachika, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa katika ofisi ya serikali ililokuwa ikitumia. Lakini wafadhili walirudi nyuma, na mwaka 1992 ua uliozungushiwa ile sehemu uliondolewa. Jumba halikujengwa. Uhuru Park ipo mpaka leo. Yezebeli aliua kwa barua; mwanamke huyu aliokoa kwa barua.

Bustani hiyo hiyo, tarehe 28 Februari 1992, akina mama ambao vijana wao walikuwa wamefungwa kwa mambo ya siasa walikaa pale kona moja wakifunga kula, wakiomba watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Baadhi ya wale mama wazee walivua nguo zao, na kila Mwafrika anajua laana hiyo ni ya namna gani. Hawakurudi nyumbani. Walihamia kanisa kuu la Waanglikana la All Saints, jirani tu na bustani, wakakaa huko karibu mwaka mzima, mpaka vijana wengi wakatoka. Anayetaka kuwaona akina mama hao katika Biblia asome habari za Rispa, 2 Samweli 21:8-14, aliyekaa juu ya mwamba akilinda maiti za wanawe, mchana dhidi ya ndege na usiku dhidi ya wanyama, mpaka mfalme Daudi akasikia aibu.

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Waliandamana, wakasukuma ule ukuta, na polisi wakawarushia moshi wa kutoa machozi. Watoto wa sare! Nchi nzima iliona aibu, hata waziri wa usalama wa wakati huo akaenda kuwaomba msamaha. Mwezi Novemba mwaka huo huo Baba Mtakatifu Fransisko alikuja kwetu huku magharibi mwa jiji, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi. Ilikuwa tarehe 27. Ukitoka Muthangari kwenye nyumba zenye mabustani na walinzi, hadi Kangemi au Kawangware ni mwendo wa miguu tu, na Papa aliyasema yale yale ambayo miguu hiyo inayajua. Alilaumu wajenzi wasiojulikana sura wanaojilimbikizia ardhi mpaka wanataka viwanja vya michezo vya shule. Alisema tena kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha ofisi ni dhuluma kubwa, hasa kama kuna mtu anayepata faida kwa kiu yao. Hapo akina mama wanaojipanga na mitungi tangu alfajiri hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Siku hiyo pia, alipozungumza na vijana huko Kasarani, alifananisha rushwa na sukari: tamu, rahisi, na mwisho wake mtu hupata ugonjwa, na nchi nayo hupata ugonjwa.

Nisifiche jambo moja. Kusema ukweli kuna gharama. Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alikaa na wakimbizi wa kambi ya Maela waliofukuzwa mashambani mwao, na baadaye akatoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Akiwumi akitaja wakubwa kwa majina. Mwezi Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi kutoka Marekani walisema alijiua; maaskofu wetu walikataa. Mwaka 2007 uchunguzi wa mahakama ya Kenya uliamua kwamba aliuawa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Kwa hiyo sisi wa maendeleo tusiwatume wazee wetu mbele peke yao tukisema "Mungu yupo", halafu sisi tukabaki nyuma ofisini.

Ndiyo sababu napenda tusome Luka 18. Yule mjane hakuwa na mume, pesa wala mtu wa kumjua ndani ya korti. Kadhi mwenyewe hamchi Mungu wala hajali watu. Mjane alikuwa na miguu tu. Akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka kadhi akachoka. Sasa mjane wa leo ana jambo ambalo yule hakuwa nalo: sheria iko upande wake, kama ataijua. Katiba ya 2010, kifungu cha 73, inasema mamlaka ya ofisa wa serikali ni amana aliyopewa na wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 imeeleza namna ya kuuliza. Unaandika ombi lako kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na ofisa anapaswa kumwandikia. Kupeleka ombi hakulipiwi kitu, ila nakala huweza kulipiwa. Ofisi inatakiwa kujibu kwa muda usiozidi siku 21, na wakikataa au wakinyamaza unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman. Kama kuna rushwa yenyewe, EACC hupokea habari hata usipotaja jina lako.

Tuseme mama mmoja wa kikundi chenu ni mzee wa miaka 75, na jina lake limo katika Inua Jamii, ule mpango wa kuwalipa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Miezi inapita, hapati. Au anapata, lakini mtu anayemsindikiza anakata 300 "za nauli" kila mara. Mmoja akienda kuuliza ataambiwa njoo kesho. Wakienda watano pamoja naye, wakiwa na kitambulisho, na ombi limeandikwa nakala mbili, moja ipigwe mhuri ya kupokelewa irudi nyumbani, mambo huwa tofauti kabisa. Nimeona mara nyingi sauti ya karani ikibadilika anapoona kwamba wewe pia unataka mhuri. Andikeni tarehe ya kila safari, na jina la kila mliyemwona. Na asiwepo mtu wa kutoa "chai" ili jambo liende haraka, hata kama ni kwa ajili ya mjane. Kumbukumbu la Torati 16:19 inasema rushwa hupofusha macho ya wenye akili. Haisemi isipokuwa rushwa ya nia njema.

Sasa tufike mahali ambapo hatupendi kufika. Ni rahisi kukaa katika mkutano wa kikundi tukiwasema wakubwa wa Nairobi, huku mweka hazina wetu hajasoma hesabu tangu Pasaka. Nimewahi kuingia katika kikundi ambacho mwenyekiti ndiye aliyekaa na kitabu cha benki, kadi ya mkopo ya kila mwanachama, na ufunguo wa kioski cha maji. Alipoulizwa, alisema watu hawa ni wa Mungu, tunaaminiana. Kumbe wajane watatu walikuwa wamelipa mkopo wao zamani na bado wanakatwa. Hakuna aliyemuuliza mapema kwa sababu alikuwa mtu wa kusali sana na kutoa harambee nono. Kamati ilijua. Ilikuwa na hofu ya kumkosea heshima mzee.

Soma 1 Samweli 12 mkiwa mmekaa na kamati yenu. Samweli amezeeka, anaachia kazi. Anasimama mbele ya watu wote na kuwaambia washuhudie: ng'ombe wa nani amemtwaa, punda wa nani, nani amemdhulumu, kwa mkono wa nani amepokea rushwa? Anasema aliye na dai aseme, naye atarudisha. Huyu ni nabii, si mtu wa kushukiwa, na hakungoja kuulizwa. Heshima ya mzee haikupungua kwa kutoa hesabu. Watu wote walimshuhudia mbele ya Mungu kwamba mikono yake ni safi. Wazee wanaokasirika wakiombwa risiti wamejifunza heshima hiyo wapi?

Nehemia naye, sura ya 5, aliwaambia matajiri warudishe mashamba na riba waliyowatoza maskini wakati wa njaa, na yeye mwenyewe kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya cheo chake. Vikundi vinavyokopesha visome sura hiyo kwa makini, hasa pale ambapo riba ya mwanachama fukara ni ile ile ya mwenye duka. Toleo lingine tutaliangalia jambo la riba peke yake.

Kwa mazungumzo ya kikundi: kaeni wanne wanne ili hata wanyamavu waseme. Kwanza mwulizane, katika hadithi ya Nabothi, mtaa wetu unafanana na nani zaidi: Ahabu, Yezebeli, wazee, mashahidi wawili, au watu waliokuja kwenye ibada wakarusha mawe bila kuuliza? Msikimbilie kujibu "Nabothi". Kisha tajeni ardhi au mali ya umma iliyo karibu nanyi: kiwanja cha shule, zahanati, choo cha soko, chemchemi. Nani anajua iko kwa jina la nani? Kama hakuna anayejua, chagueni watu watatu waende ofisi ya ardhi kutafuta, wawe na tarehe ya kuleta jibu. Halafu mweka hazina asome hesabu za miezi 6 kwa sauti, na kila mwanachama alete kadi yake ilinganishwe na kitabu kikubwa. Jambo hili la mwisho lifanyeni siku hiyo hiyo, kabla ya chai na kabla ya sala ya kufunga, na mwenyekiti ndiye awe wa kwanza kuleta kadi yake.